Kiasi cha Bunduki: Historia Fupi ya Kupima Shabaha

Neno kiasi katika lugha yetu lina maana tatu, na zote tatu zina ujamaa. Maana ya kwanza ni kipimo au kadiri ya kitu, kama mtu anaponunua kiasi cha mchele. Maana ya pili ni tabia ya kujizuia, kama tunapomsifu mtu kuwa ni mtu wa kiasi, asiyepita mpaka katika kula wala katika kusema. Maana ya tatu imefifia siku hizi, lakini kamusi za zamani zimeihifadhi: kiasi, au kiasi cha bunduki, ni ile risasi nzima pamoja na baruti yake, iliyokwisha kufungwa tayari kutiwa katika bunduki. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kupima. Kwa rai yangu maana hii ya tatu ilizaliwa katika mikono ya washindiliaji. Mwenye gobori alipima baruti kwanza, akaimimina, akashindilia kwa mdeki, na ule mpimo mmoja wa mlio mmoja ndio ulioitwa kiasi. Jina la kazi likawa jina la kitu.

Nakusudia katika insha hii kueleza kwa ufupi jinsi watu wa Ulaya na Marekani walivyojifunza kupima, si baruti tu, bali ubora wa kiasi chenyewe: yaani jinsi mlenga shabaha anayejitengenezea viasi vyake nyumbani anavyoweza kujua kwamba kiasi cha leo ni bora kuliko cha jana. Jambo hili laonekana dogo, tena liko mbali na kazi ya mwalimu wa lugha. Namwomba msomaji anivumilie, maana mwisho wake unatugusa wote tunaokusanya ushahidi wa namna yo yote.

Yatupasa kwanza kukubaliana juu ya maneno. Katika kurasa hizi kiasi kitakuwa kile kitu kizima chenye sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au nyekundu, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani yake, na risasi iliyo mdomoni. Risasi itakuwa kile kipande cha madini kirukacho peke yake. Kasiba ni mwanzi wa bunduki, na bunduki ya mifereji ni ile ambayo kasiba yake imechongwa ndani mifereji ya kuzunguka, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Pia inayozunguka husimama wima, isiyozunguka huanguka. Kadhalika risasi ndefu isiyozunguka hupinduka angani na kwenda upande.

Mtu wa kwanza kuiingiza elimu hii katika hesabu za majaribio alikuwa Mwingereza Benjamin Robins, aliyezaliwa mwaka wa 1707. Katika mwaka wa 1742 alitoa kitabu kilichoeleza chombo chake mashuhuri: gogo zito lililotundikwa likaweza kupembea. Risasi ilipigwa katika gogo, gogo likasukumwa nyuma, na kutokana na umbali wa kupembea kwake pamoja na uzito wa vitu vyote viwili Robins alikokotoa mwendo wa risasi. Kabla ya hapo watu walibishana juu ya nguvu za baruti kwa maneno matupu. Kitabu chake kilithaminiwa hata mwanahesabu mkuu Leonhard Euler akakifasiri kwa Kijerumani mwaka wa 1745 na kukiongezea maelezo yake. Robins aliona pia kwamba bunduki ya mifereji ingekuja kuishinda ile ya kasiba laini, na kwamba taifa litakalotangulia kuielewa vema litapata faida kubwa vitani. Alifariki India mwaka wa 1751, na utabiri wake ulingoja karibu miaka mia moja kabla ya kutimia.

Mtu wa pili ni Joseph Whitworth wa Manchester. Huyu hakuwa mwindaji wala askari. Alikuwa fundi wa mitambo, aliyependekeza mwaka wa 1841 kwamba nyuzi za parafujo zote zichongwe kwa kipimo kimoja, na aliyetengeneza mashine iliyoweza kuonyesha tofauti ya sehemu moja katika milioni ya inchi. Serikali ya Uingereza ilipomwomba msaada katika utengenezaji wa bunduki za jeshi, Whitworth alijibu kama fundi: alisema hajui bunduki njema ni ipi, na kwamba haifai kujenga mashine za kutengeneza kitu ambacho ubora wake haujapimwa. Akajengewa karibu na nyumba yake banda refu la yadi 500, ili upepo usiingie katika majaribio. Kwa kejeli ya dunia, banda la kwanza liliangushwa na upepo huo huo aliokuwa akiukimbia, ikabidi lijengwe upya.

Matokeo yake yalijulikana mwaka wa 1857, bunduki yake iliposhindanishwa na Enfield ya jeshi huko Hythe, kwenye chuo cha kufundishia shabaha. Kasiba ya Whitworth ilikuwa nyembamba, ya inchi 0.451, na umbo lake la ndani lilikuwa la pembe sita. Risasi ilimaliza mzunguko mmoja katika kila inchi 20. Ile ya Enfield ilikuwa ya inchi 0.577, na risasi yake ilizunguka mara moja tu katika inchi 78. Katika umbali wa yadi 500 kipimo cha ubora cha Enfield kilikuwa futi 2.24, cha Whitworth kilikuwa futi 0.37. Kwa maneno mepesi, matundu ya Enfield yalikaa wastani wa inchi 27 mbali na kitovu chao, na ya Whitworth yalikaa wastani wa inchi nne na nusu hivi.

Naomba tusimame kidogo katika kipimo hicho, maana ndicho kiini cha habari yangu. Waamuzi wa Hythe hawakuchagua tundu lililokaribia zaidi katikati ya shabaha. Wala hawakupima tundu mbili zilizo mbali kuliko zote na kuziacha nyingine. Walitafuta kwanza kitovu cha matundu yote, kisha wakapima umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho, wakajumlisha, wakagawanya kwa idadi. Kila mlio uliopigwa ulikuwa na sauti yake katika hesabu. Mlio mbaya haukufukuzwa barazani. Tena walitenga mambo mawili ambayo mtu asiyezoea huyachanganya. Matundu yanaweza kukusanyika pamoja lakini mbali na shabaha. Hilo ni kosa la kuelekeza, na hurekebishwa kwa kusogeza kilengeo. Matundu yaliyotawanyika hayarekebishiki kwa kusogeza kitu cho chote, kwa kuwa ugonjwa uko katika kasiba, au katika kiasi, au katika mkono wa mpigaji. Mpimaji wa viasi hutafuta dawa ya ugonjwa huu wa pili.

Bunduki ya Whitworth haikupewa jeshi zima, kwa sababu ilikuwa ghali mno na kasiba yake nyembamba iliziba upesi kwa masizi ya baruti nyeusi. Lakini walenga shabaha waliipenda. Chama chao cha taifa kiliundwa mwaka wa 1859, na mwaka uliofuata Malkia Victoria alifungua mashindano ya Wimbledon kwa kuvuta kamba ya Whitworth iliyofungwa juu ya kiti cha chuma. Risasi ilipiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha iliyokuwa yadi 400. Wengi walishangilia. Mwanafunzi wa Hythe angalisema kwamba mlio mmoja, hata ukipigwa na malkia, si ushahidi.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka wa 1873 Waayalandi waliwashinda Waingereza na Waskoti katika mashindano ya Ngao ya Elcho, wakajihesabu kuwa mabingwa, wakawatumia Wamarekani salamu za kuwaita uwanjani. Tarehe 26 Septemba 1874 timu mbili za watu sita sita zilikutana Creedmoor, karibu na New York. Waayalandi walitumia bunduki za John Rigby, fundi wa Dublin aliyekuwa mwenyewe katika timu, za kushindiliwa kwa mdomoni. Wamarekani walikuwa na bunduki mpya za Remington na Sharps, za kufunguliwa nyuma na kutiwa kiasi chenye ganda. Kwa hiyo magazeti yalilifanya shindano kuwa kesi baina ya zama mbili: mdeki na ganda, nani bora? Kila mtu alipiga mara 15 katika yadi 800, mara 15 katika yadi 900, na mara 15 katika yadi 1000. Mlio bora ulipewa pointi nne. Jumla ilikuwa milio 270 kwa kila upande, na pointi zisizoweza kuzidi 1080.

Wamarekani walipata 934, Waayalandi 931. Mlio wa mwisho ulikuwa wa Kanali John Bodine, aliyekuwa amekatwa mkono muda mfupi kabla kwa chupa ya kinywaji iliyopasuka. Alifunga kitambaa, akalala chini, akapiga katikati. Siku zile habari hii ilisimuliwa kama ushahidi kwamba zama za mdeki zimekwisha.

Lakini katika yadi 900 Mwayalandi mmoja, Milner, alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha isiyokuwa yake. Alikosea ubao, si kulenga. Kwa sheria ya mchezo alipewa sufuri. Kama mlio ule ungalihesabiwa, Waayalandi wangalipata 935, na mdeki ungalishinda kwa pointi moja. Hapo msomaji aone jinsi hukumu ya zama mbili ilivyoning'inia katika jicho la mtu mmoja aliyepotewa na namba ya ubao. Mshindi wa mchezo alikuwa dhahiri, na hakuna aliyemnyang'anya ushindi wake. Ila swali la pili, lile la bunduki ipi ni bora, halikujibiwa siku ile hata kidogo. Pointi tatu katika milio 270 ni tofauti ambayo upepo waweza kuileta asubuhi na kuiondoa jioni. Baadaye ganda lilishinda duniani kote, kwa sababu ni rahisi na haraka. Hukumu ikawa ya kweli, lakini ushahidi ulioletwa haukuwa ushahidi wake.

Ganda ndilo lililomzaa mtengenezaji wa viasi wa nyumbani. Katika mwaka wa 1866 ziliandikishwa fataki mbili: moja ya Mwingereza Edward Boxer, nyingine ya Mmarekani Hiram Berdan. Fataki ya Boxer huhitaji tundu moja tu katikati ya kitako cha ganda, na msumari mwembamba ukipitishwa ndani huisukuma nje ikiisha kulia. Ya Berdan hutumia matundu mawili madogo ya pembeni, na msumari haupati njia. Cha ajabu ni kwamba fataki ya Mwingereza ilikuja kupendwa Marekani, na ya Mmarekani ikapendwa Ulaya. Kwa hiyo Mmarekani aliweza kuliokota ganda lake, kulisafisha, kulitia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, na kulitumia tena mara nyingi. Alianza kwa kubana matumizi, akaishia katika uchunguzi. Aliona kwamba akiongeza baruti punje moja (pauni ina punje 7000) matundu yalihama. Akibadili kina cha risasi mdomoni mwa ganda yalihama tena. Kila jioni ikawa na swali jipya.

Mkuu wa watu hawa alikuwa Franklin Mann, tabibu wa Milford katika jimbo la Massachusetts, aliyetoa mwaka wa 1909 kitabu kikubwa juu ya safari ya risasi kutoka baruti hadi shabaha. Mann alichoka kulaumu upepo na mkono wake. Akajenga nguzo nzito ya saruji, akalaza kasiba juu yake katika mfereji wa umbo la V, ili mkono wa mtu usiwe na sehemu yo yote katika mlio. Akatundika karatasi nyembamba njiani ili kila risasi iache alama ya safari yake, na akazipokea risasi katika unga wa mbao uliotiwa mafuta ili azikague zikiwa nzima. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Mambo mengi aliyoyaamini mwanzoni yalikufa mikononi mwake, na aliandika habari za kushindwa kwake sawasawa na habari za kufaulu. Moja katika aliyoyathibitisha ni kwamba kitako cha risasi kikiharibika hata kidogo, mtawanyiko huongezeka. Ilhali pua ya risasi yaweza kuumizwa sana na madhara yakawa machache. Watu walikuwa wakiitunza pua.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na leseni na karakana ndogo nyuma ya nyumba. Kila Ijumaa usiku alipima baruti yake kwa mizani ndogo ya shaba, kimya, kama mwuza dhahabu. Jumapili moja aliniletea kadi yenye matundu matatu yaliyogusana.

"Hiki ndicho kiasi chenyewe, kijana," aliniambia. "Nimekipata."

Nikamwuliza kama kadi nyingine za siku ile zilikuwa namna hiyo hiyo. Alicheka, akavuta mtoto wa meza. Mlikuwa na kadi nyingi sana. Nyingine, alisema, zilikuwa za siku ya upepo. Nyingine alikuwa amechoka. Nyingine hakujua sababu, lakini aliona wazi kwamba hazikuwa haki. Ile moja aliitia katika kioo, akaitundika ukutani.

Hesabu haina huruma kwa kadi ile. Tuchukue bunduki na kiasi visivyobadilika, ambavyo makundi yake ya matundu matano yana upana wa wastani wa inchi moja, tukipima tundu mbili zilizo mbali kuliko zote. Bunduki hiyo hiyo ikipiga matundu matatu tu, wastani hushuka hadi inchi 0.78, ikipiga kumi, hupanda hadi inchi 1.24. Kitu hakikubadilika ila idadi. Aidha, katika makundi matano matano, karibu theluthi moja yatakuwa ama madogo kuliko robo tatu ya inchi, ama makubwa kuliko inchi moja na robo, bila sababu yo yote isipokuwa bahati. Na mtu akipiga makundi kumi ya matundu matatu, aghalabu atapata moja lililo dogo kuliko nusu inchi. Hilo ndilo litakalotundikwa ukutani.

Elimu ya ushahidi mchache iliwekewa msingi na William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha pombe cha Guinness huko Dublin, mji ule ule wa Rigby. Mwaka wa 1908, kwa jina la kujificha la Student, alionyesha jinsi ya kuhukumu kwa haki pale vipimo vinapokuwa vichache. Katika mwaka wa 1964 Frank Grubbs wa Marekani aliandika kijitabu mahsusi kwa walenga shabaha, akilinganisha namna mbalimbali za kupima mtawanyiko. Upana wa tundu mbili za pembeni ni rahisi kupima, lakini hutupa habari ya matundu mengine yote. Wastani wa umbali kutoka kitovu, kipimo cha Hythe, hutumia kila tundu. Baada ya miaka mia moja na zaidi, waamuzi wale wa mwaka wa 1857 walionekana kuwa walikuwa na busara kuliko wengi waliowafuata.

Nafika sasa mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini insha juu ya kipimo isiyompima mwandishi wake ina upungufu. Miezi ile ile niliyokuwa nikimcheka mzee kimoyomoyo, nilikuwa nikiandika sura ya tasnifu yangu juu ya upatanisho wa majina ya watu, kama vile rafiki, ndugu na jirani. Nilitaka kuonyesha kwamba wasemaji wangu wazee husema rafiki yangu daima, na kwamba rafiki wangu ni mazoea ya vijana. Katika sauti nilizorekodi walikuwamo wazee waliosema rafiki wangu. Nilikuwa nimewaandika pembeni: huyu alichoka; huyu aliishi sana bara; huyu ulimi umemteleza. Nilikuwa nao mtoto wangu wa meza.

Usiku ule niliwarudisha wote katika hesabu. Kanuni yangu haikufa, lakini ilipungua. Neno daima likawa mara nyingi, na hitimisho la kurasa nne likawa la kurasa moja na nusu. Msimamizi wangu aliniuliza kwa nini sura imekuwa dhaifu. Nilimjibu kwamba haikuwa dhaifu, ila awali ilikuwa imenenepeshwa. Sikuwa na hakika kama amenielewa, na kwa wiki kadhaa niliogopa kwamba nimejiharibia shahada kwa mkono wangu mwenyewe.

Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo. Aliyetupa nusu ya punje zake kwa kuwa hazikumpendeza hana kibaba, hata kama zilizobaki zang'aa. Wahenga waliolipa neno kiasi maana za kipimo, za baruti na za kujizuia hawakukaa kikao kuamua hivyo. Lugha ilikwenda njia yake. Lakini mtu akikaa na mizani usiku, au na sauti za wazee zilizorekodiwa, ataona kwamba ya kwanza haipatikani bila ya tatu. Mzee yule amekwisha kufariki. Watoto wake waliniletea ile kadi ya ukutani kwa ukumbusho, nami naiweka ofisini. Wanafunzi huniuliza ni ya nini. Huwaambia kwamba ni nzuri sana, na kwamba nyingine zilikuwa katika mtoto wa meza.